Kinywa cha Mkufunzi Kiboko

— Ninayo hadithi.
— Ilete.
— Ina hesabu ndani yake.
— Basi ilete polepole.

Hapo kale walimu wa hisabati wa shule za kati waliitwa mafunzoni kando ya bwawa. Mkufunzi wao alikuwa Kiboko, mwenye mwili kama ghala na njaa isiyojua kushiba. Aliwafundisha kwamba mtihani wa karatasi umepitwa na wakati. Sasa mwanafunzi apimwe kwa mradi, kwa kazi ya mikono itokayo katika maisha yake. Walimu wakaandika. Hawakuelewa. Wakaandika.

Siku ya pili kila mwalimu alileta mradi wa darasa lake, ajifunze kuupima. Mwalimu Nguchiro alileta mihogo iliyopandwa kwa mistari sambamba. Kiboko akaitafuna, ng'wa, ng'wa, akasema mistari imenyooka. Mwalimu Nungunungu alileta tikiti lililokatwa sehemu nane zilizo sawa. Kiboko akalimeza, gubu, akasema sehemu zimetimia. Nungunungu akauliza kwa adabu alama zinaandikwa wapi. Akajibiwa kwamba mradi hauna karatasi. Mradi hupimwa kwa kinywa. Walimu wakaandika. Hawakuelewa. Wakaandika.

Ikafika zamu ya Mwalimu Kindi, mdogo kuliko wote. Wanafunzi wake walikuwa wamebeba maboga arobaini, mavuno ya shamba walilolichora na kulipima wenyewe. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chao cha kiangazi kizima. Kiboko akayatazama, akameza mate.

"Shikamoo, Mkufunzi," akasema Kindi. "Jana ulitufundisha kwamba chombo cha kupimia huhakikiwa kabla ya kazi."

"Marahaba. Nilifundisha hivyo?"

"Ulifundisha, nami niliandika. Basi ikiwa chombo ni kinywa chako, tujue kwanza kinaingia maboga mangapi."

Kiboko alichanganyikiwa, lakini alipenda kinywa chake kizungumziwe. "Kinaingia mengi," akasema.

"Mengi si jibu, Mkufunzi. Panua."

Akapanua, aaaa. Na kiboko akipanua kinywa huona mbingu tu. Wanafunzi wawili wakanyoosha kamba: urefu, upana, kina. Wenzao wakaviringisha maboga kuelekea shuleni, bingiri, bingiri. Kiboko alipotaka kufunga, Kindi akamkumbusha kwamba kipimo hurudiwa mara tatu, ndipo wastani hupatikana. Kamba tena: urefu, upana, kina. Maboga tena: bingiri, bingiri. Kamba mara ya tatu, na boga la mwisho likapotelea nyuma ya kichaka.

Taya zikamshinda. Kwapu, akafunga, akatazama chini.

"Maboga yako wapi?"

"Yamerudi shuleni. Mradi wetu ni kinywa chako, Mkufunzi, nao umekwisha kupimwa. Wastani ni maboga kumi na mawili. Ukitilia shaka, panua, tuanze upya."

Kiboko akashika taya. Akafikiri, akachanganyikiwa, akafikiri tena. Mwishowe akaingia bwawani, chubwi, na mafunzo yakafungwa kabla ya chakula cha mchana. Walimu wakaandika. Nguchiro akamnong'oneza Nungunungu amweleze walichojifunza. Nungunungu akasema naye alikuwa akitaka kumuuliza.

Na funzo lake, ndugu zangu, ni wazi: hisabati haina faida yoyote katika maisha.

— Hesabu mmeiona?
— Hatukuiona.
— Hata Kiboko hakuiona. Hadithi imefika, mwenye kinywa na akifunge.