Pimbi Anakaa Tu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona kinyonge hivyo, kama watu waliokesha na mgonjwa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Palikuwa na Bibi mmoja mzee, mgonjwa wa kitandani, mwenye wajukuu watatu. Wa kwanza Tembo, mkubwa wa mwili na wa tumbo. Wa pili Nguva, lakini huyo alishahamia baharini, kazi yake kutuma salamu. Wa mwisho Pimbi, kadogo, ukikaona utadhani panya aliyenenepa. Msicheke, hao ni ndugu kweli, waulizeni wanaojua.

Pimbi ndiye aliyemuuguza Bibi. Mtama ulipovunwa, Tembo akasimama mbele ya majirani kugawa. Fungu la Tembo, puu! Kichuguu kizima. Fungu la Bibi, pwa! Kiganja. Fungu la Pimbi, kimya.

"Kaka, langu je?"

"Lako la nini? Umelima?"

"Sikulima."

"Umepalilia?"

"Sikupalilia."

"Umevuna?"

"Sikuvuna, kaka."

"Basi! Sisi tunatoka jasho, wewe unakaa tu na Bibi."

Roho ilimuuma Pimbi. Kiangazi kilikuwa kimekaribia, na bila mtama asingefika masika. Akifa yeye, nani atamgeuza Bibi? Hasira zikampanda mpaka masikioni. Lakini Pimbi hakulia. Pimbi akapiga mwayo, aaaah!

"Ni kweli, kaka, nakaa tu. Mtama chukueni. Ila kiti changu msikiguse."

Masikio ya Tembo, pwata! yakatanuka. "Kiti gani?"

"Hakina kitu. Kivuli tu... uji wa moto... na hakuna anayekuuliza leo umefanya nini. Basi, nisiseme sana."

"Mkubwa hapa nani?"

"Wewe, kaka."

"Basi kiti ni changu!"

"Jamani, ananinyang'anya!" Pimbi akajigaragaza mavumbini. "Mwili ule hauwezi kukaa hata kutwa!"

"Siwezi kukaa? Mimi? Majirani, sikieni! Nikishindwa kukaa tu mpaka jua lizame, fungu langu lote ni la Pimbi!"

Pimbi akamnong'oneza Bibi, "Kesho usizidishe kitu, Bibi. Kuwa vilevile ulivyo." Kulipokucha akamwachia Tembo kiti, akaenda kulala.

Tembo akakaa. Tii!

"Mjukuu wangu!"

"Naam, Bibi!"

"Nigeuze."

Akainuka, akamgeuza. Akakaa. Tii!

"Mjukuu wangu!"

"Naam, Bibi!"

"Maji." Akaleta. "Ya moto haya." Akayapuliza, fuuu! Kikombe kikaruka, shuka ikaruka, Bibi naye nusura aruke.

Akakaa. Tii!

"Mjukuu wangu!"

"Naam!"

"Nikune mgongo. Si hapo. Juu. Umepita. Rudi. Si hapo."

Hajakaa vizuri, "Mjukuu wangu! Nipeleke uani, haraka!" Hawakuwahi. Tembo akafua shuka. Akampa Bibi dawa, ptu! ikamrukia usoni. Bibi akamtazama sana.

"Wewe ni nani, baba? Yule mdogo wangu yuko wapi?"

Tembo akajifuta dawa usoni. Ni bibi yake huyu, na hamjui. Hilo lilimuuma kuliko kufua.

Jua halijafika hata utosini, jirani yao Kanga akapita na jembe begani. "Tembo! Raha ilioje! Wenzio tuko shambani, wewe umekaa tu?"

"NIMEKAA?" Tembo akapiga mlio, paaaa! majani yakapukutika. "Tangu asubuhi makalio yangu hayajakipasha kiti joto! Hii ni KAZI! Inashinda kulima! Jembe halikuiti!"

Majirani wakaja mbio. "Kasema nini?"

"Kasema kazi!"

"Nani kasema?"

"Tembo mwenyewe!"

Pimbi akatokea, macho mazito kwa usingizi mtamu. "Shikamoo, kaka. Mbona umesimama?"

Pimbi akalikumba fungu lote.

"Usihuzunike, kaka. Siku utakayokaa na Bibi, utakula. Siku utakayolima tu, utanusa."

Basi wakawa wanapokezana, leo huyu, kesho yule. Pimbi akanenepa, na Bibi akaanza kumwita Tembo kwa jina lake. Nguva aliposikia habari hizo aliguswa sana. Akatuma salamu.

Hadithi yangu naiacha mlangoni. Aliyeipenda aingie nayo ndani, asiyeipenda airuke. Na funzo lake ni hili, lishikeni sana: msithubutu kumsaidia anayeuguza. Watoto wenu watawaona, watawaiga, na mkizeeka hawatawaacha mpumzike peke yenu.