Mjusi Mweupe Mpaka Kucha

Wapendwa, kulikuwa na mtu mmoja aliyefuga mijusi. Msinicheke! Si hawa wanaokimbizana ukutani kwenu. Hawa ni wa kutoka ng'ambo, wanene, wana miiba kidevuni kama ndevu, na hukaa ndani ya sanduku la kioo chini ya balbu. Alikuwa nao wawili tu, dume na jike, wote wa kahawia, wote amewalea tangu wadogo. Nyumba nzima hapakuwa na mwingine wa kumsemesha. Akitoka kazini aliketi mbele ya kile kioo na sahani yake ya ugali, akawasimulia mijusi habari za siku. Upweke ni kitu kibaya, jamani.

Siku moja mayai yakaanguliwa. Wakatoka kumi na wanane wa kahawia, na mmoja mweupe, mweupe mpaka kucha. Yule bwana akapandwa na hasira, akampigia simu mama aliyemuuzia.

"Mama, huyu jike wako mhuni! Amezaa na dume mwingine."

"Kwani hapo kwako kuna dume mwingine, baba?"

"Hakuna. Tupo mimi na hao wawili."

"Sasa mbona unamsingizia? Weupe huo hautoki kwa mama peke yake. Mtoto akiwa vile, ameupata kwa baba na kwa mama. Mzazi anaweza kuwa nao ndani na asionyeshe hata doa. Huyo dume wako anao."

Yule bwana akakata simu. Mnajua kwa nini? Miaka tisa nyuma, mke wake alijifungua binti mwenye ualbino. Yeye alisimama mlangoni mwa wodi, hakumshika mtoto, akasema, "Kwetu hakuna rangi hii. Mpeleke kwa baba yake." Mke akalia, akaapa, mwisho akarudi kwao na mtoto mgongoni.

Basi akaitafuta namba ya mke, akapiga. Simu ikapokewa na sauti ndogo.

"Shikamoo. Mama ameenda kuchota maji. Nimwambie nani amepiga?"

Akafungua mdomo. Neno lenyewe ni moja tu, fupi, na hakuthubutu kulitamka. Mtoto akauliza tena, kwa adabu ileile: "Nimwambie nani?"

Ndugu zangu, jike wa mjusi alipata mtu wa kumtetea. Yule mke hakupata. Na sisi tulioketi hapa na nguo zetu za ibada, tumemfukuza nani kwa jambo ambalo sisi wenyewe tunalo ndani? Usinijibu mimi. Simu unayo mfukoni. Toka nje sasa hivi ukapige, sitakasirika, nitaendelea na watakaobaki. Lakini kabla hujabonyeza, jiandae, maana utaulizwa. Utasema wewe ni nani?