Kwa Nini Kunguru wa Glenorran Husema Neno Moja

Msiwatupie mawe kunguru wale, wajukuu zangu. Mnalalamika kwamba wanapiga kelele; basi tulieni niwaambie kelele hizo zilitoka wapi, ingawa mimi mwenyewe sipendi kuisimulia habari hii, maana haina jema mwishoni.

Zamani kunguru wa bonde hili la Glenorran, huku kwetu Uskoti, walikuwa mabubu. Magofu haya mnamochungia kondoo yalikuwa nyumba ya watawa, yenye kanisa la mawe, paa la mbao za mwaloni, na mashamba ya shayiri hadi ukingoni mwa msitu. Watawa waliweka nadhiri ya kutosema. Walizungumza kwa vidole: palikuwa na ishara ya mkate, ya samaki, ya chumvi. Ishara ya adui haikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuihitaji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani aliwasikiliza?

Mlinzi wa lango aliitwa Gilkrist. Mdogo wake, Morgund, alikuwa mtawa wa shambani. Mama yao alipokuwa akikata roho alimshika Gilkrist mkono akamwambia, "Mwanangu, mdogo wako nakuachia wewe." Ndiyo sababu waliingia utawani pamoja, na Gilkrist hakuwahi kugusa chakula kabla hajamwona Morgund mezani.

Asubuhi moja ya mavuno Gilkrist aliona askari wa adui kutoka kusini wakipanda bonde na mienge. Wenzake wote walikuwa shambani, karibu na msitu, wangekimbia, wangepona. Alitaka kupiga ukelele, akaikumbuka nadhiri. Basi, maskini, akadhani ameona njia ya kuwaokoa bila kutenda dhambi. Akavuta kamba ya kengele kwa nguvu zake zote.

Kengele ile haikuwa na maana nyingine ila sala. Watawa waliweka miundu chini, wakainamisha vichwa kama ilivyokuwa desturi yao, wakaja kanisani mmoja nyuma ya mwingine. Gilkrist aliwapungia mikono kutoka langoni, lakini anayetazama chini haoni mikono. Wa mwisho alikuwa Morgund. Alipofika mlango wa kanisa, hatua chache kutoka langoni, Gilkrist akaivunja nadhiri. Alitaka kusema, "Kaa mbali!" Koo lililofungwa miaka mingi likamsaliti, ikatoka nusu tu, kavu, ya kukwaruza.

"Kaa."

Morgund aliinua macho, akamwona kaka yake, akatabasamu. Alidhani anahimizwa. Akaingia, akakaa mahali pake.

Askari waliuzuia mlango kwa gogo, wakatia moto paa. Zaidi ya hapo msiniulize. Hadi jioni paa lilikuwa makaa, na kuta zilizobaki ndizo hizi. Gilkrist walimpiga wakamwacha langoni wakidhani amekufa. Majuto ni mjukuu, na yeye yalimkuta hana mtu. Alizunguka humu ndani mpaka kufa kwake, akijaribu kulimaliza neno lile, na halikumalizika. Kunguru waliojenga viota juu ya kuta hawakuwa na sauti nyingine ya kujifunza.

Na tangu siku hiyo kunguru wa Glenorran husema "kaa, kaa" kutwa nzima. Nusu iliyobaki hakuna aliyeisikia, na wa kuambiwa hayupo.