Nafasi Katika Duara la Ukutani

Sogeeni wajukuu zangu, sogeeni, rangi haijakauka! We Sospeta, toa mkono ukutani. Haya, tazameni wachezaji hawa. Wameshikana mikono, wana njuga miguuni na manyoya kichwani. Mmeona pale, kati ya yule bwana mwenye tumbo na yule mama mrefu? Pana nafasi tupu. Kila mwaka mnaniuliza kama bibi yenu kaishiwa rangi. Sijaishiwa! Nisikilizeni upesi, maana ngoma italia sasa hivi.

Kulikuwa na wakati duara hili lilijaa. Kila mwaka kabla ya kupanda, watu wa hapa Mwankuba walicheza ngoma ya kuomba mvua, na mchoraji wao, Minza, aliichora ukutani kwa chokaa, masizi na udongo mwekundu. Alimchora kila mtu, hata yeye mwenyewe. Na alikuwa fundi, jamani! Ukiona goti tu, unajua ni la nani.

Mwaka mmoja alichora, akachora, hadi akapitiliza. Alipoweka nukta ya mwisho, lo! Picha ikaanza kucheza. Njuga zikalia ukutani, mabega yakatetemeka. Watu wakaja mbio, wengine na mwiko mkononi, wakashangilia hadi sauti zikawakauka.

Aliyefurahi kuliko wote ni Maganga, kiongozi wa ngoma, huyo huyo mwenye tumbo. "Ndugu zangu, tujitese kwa nini?" akasema. "Ukuta utatuchezea." Wakaleta vigoda, wakakaa, wakapiga makofi.

Sasa, wingu halisikii njuga. Liko mbali mno. Linachokiona ni vumbi la miguu yetu, na ukuta, hata ucheze mpaka upasuke, hautimui vumbi. Mawingu yakaja, yakachungulia, yakaona uwanja umetulia, yakaenda zao kunyesha kwa wengine. Wakapanda mtama hivyo hivyo, ukanyauka. Kisima kikabaki tope. Minza alikuwa na mtoto mchanga, Kabula, na maziwa yakamkauka. Mtoto alilia hadi akakosa nguvu ya kulia, na hapo ndipo mama yake alipoogopa kweli.

Minza akalowesha kitambaa kwa maji ya mwisho mtungini, akaenda ukutani.

"Wee! Umerogwa?" Maganga akapiga kelele. "Unatuharibia ngoma!"

"Sikufuti wewe," Minza akamjibu. "Najifuta mimi. Mimi nina kazi huku chini."

Akajifuta. Duara likakatika. Wachezaji wa ukutani wakasimama kimya, wawili wamenyoosha mikono wakimtafuta aliyetoka. Minza akamfunga Kabula mgongoni, akaingia uwanjani, akacheza peke yake, bila ngoma, bila njuga. Kakonda, kiu imemshika, lakini anakanyaga! Vumbi likapanda hadi magotini, likafika kiunoni. Watu wakaona haya. Mama mmoja akainuka, kisha jirani yake, kisha nyumba nzima nzima. Mwisho Maganga mwenyewe akakipiga teke kigoda chake akaingia, tumbo likiruka kivyake na yeye kivyake! Vumbi likafunika mapaa, mtu hamwoni mwenzake. Mara tone likamdondokea Kabula puani. Mtoto akapiga chafya! Na mvua ikaja, wajukuu zangu, mvua ile, watu wakacheka huku wanalia.

Mtama ulipochipua, Maganga alimsihi Minza ajichore tena mahali pake. Minza akachovya unyoya wa kuku kwenye chokaa, akausogeza ukutani, akasita. Kisha akauosha, akaenda kumnyonyesha mwanawe.

Na tangu siku hiyo hakuna mchoraji wa Mwankuba anayefunga duara. Picha haichezi tena. Inanyoosha mikono tu, inamngoja yule anayeitazama. Nafasi ya mwaka huu nimeiacha mimi leo asubuhi, kwa mikono yangu hii inayotetemeka.

Haya, ngoma hiyo inalia! Nyanzobe, hebu nishikie fimbo yangu. Na nyinyi wengine, mbona bado mmekaa?