Mrushaji wa Siri wa Timu ya Mlimani

— Jamani, nina uwongo hapa!
— Utue, tuupokee!
— Una miguu!
— Utembee!
— Una mkia!
— Uburute!
— Na ukweli uko nyuma yake, umechoka!
— Tutausubiri!

Haya. Pukuchueni mahindi huku mnasikiliza. Wewe Mpoki, kaa upande ule, unanirushia magunzi.

Hapo zamani, Fisi alipokuwa bado mtu wa kuheshimiwa, wanyama wa Mlimani na wanyama wa Bondeni walikuwa na bwawa moja. Moja tu. Kila mwaka kiangazi kilipokaribia, walicheza mpira kugombea zamu ya maji. Walioshinda walikunywa asubuhi, maji yangali safi. Walioshindwa walikunywa jioni, Kiboko akishaoga. Na Kiboko akiingia majini haogi tu. Mmenielewa, tuendelee.

Mpira wenyewe haukuwa huu wenu wa kupiga teke. Ulikuwa wa katani, umesokotwa, umbo lake kama papai, na ulichezwa kwa mikono. Asiye na mikono alitumia alichopewa na Mungu. Mwanzishaji aliinama katikati ya uwanja na kuupitisha mpira nyuma, kati ya miguu yake. Nyuma yake alisimama mrushaji. Mrushaji aliudaka, akatazama, akaurusha mbele kwa mkimbiaji. Mkimbiaji akivuka nao mstari wa wapinzani, mchezo umekwisha, nendeni nyumbani.

Mwanzishaji wa Mlimani alikuwa Bi Ngiri. Mwaka uliotangulia Mlimani walishindwa, wakanywa jioni kiangazi kizima. Kiangazi kilipoanza Bi Ngiri alikuwa na watoto watano. Mvua iliponyesha alikuwa na watatu. Yale maji yaliwaharisha wawili mpaka wakaisha. Mama wa watu alilia hadi sauti ikakauka. Kisha akarudi mazoezini, maana kiangazi kingine kilikuwa njiani na watatu walikuwa bado hai.

Sasa mrushaji wao wa miaka yote, mzee Kima, bega lilikuwa limekufa. Hata kujikuna alikunwa na mkewe. Alikuja mbele ya timu, akaaga, akalia kidogo, akala, akaenda zake. Timu ikabaki haina mrushaji, na zimebaki siku nane.

Kazi ya kuchagua ikapewa Kamati ya Ufundi. Mwenyekiti alikuwa Fisi. Kwa nini Fisi? Alikuwa na kofia.

Fisi akasimama, akakohoa, akasema, "Ndugu wajumbe, Bondeni wana waganga. Wakimjua mrushaji wetu, watamloga. Mkono utakauka kama kuni. Kwa hiyo jina lake litakuwa siri."

"Siri!" wajumbe wakaitikia.

"Hata ninyi wajumbe hamtalijua."

"Hatutalijua!"

"Nitalijua mimi peke yangu."

"Wewe peke yako!" Wakapiga makofi, kikao kikafungwa.

Jioni ileile Fisi akaenda kwa Nyani. Nyani alikuwa na mkono huo! Akirusha jiwe hapa, kuku wanakimbia kijiji cha pili. Fisi akamnong'oneza, "Ni wewe. Usimwambie mtu. Hata mkeo. Hata mto unaolalia."

Nyani akasema, "Nilijua."

Fisi akatembea kidogo, akawaza. Je, wakimloga Nyani? Akaenda kwa Tumbili. Tumbili alikuwa mwepesi, na maneno anayo, anaweza kukueleza mchezo mpaka ukahisi umeshashinda. Fisi akamnong'oneza, "Ni wewe. Usimwambie mtu. Hata mkeo. Hata mto unaolalia."

Tumbili akasema, "Mmechelewa kuniona, lakini nawasamehe."

Fisi akatembea kidogo, akawaza tena. Wakimloga Nyani, na wakimloga Tumbili, je? Akatazama huku na huku, akamwona Komba amejikunja kwenye tundu la mti, macho kama visahani, ndiyo kwanza anaamka. Komba hakuomba. Hakuna aliyemtaja. Basi tu alikuwa karibu. Fisi akamnong'oneza, "Ni wewe. Usimwambie mtu. Hata mkeo. Hata mto unaolalia."

Komba akasema, "Mimi?"

Fisi akaenda kulala, moyo umetulia kabisa. Wakimloga mmoja, wanabaki wawili. Wakiwaloga wawili, anabaki mmoja. Hesabu hiyo hakumwambia yeyote, maana ilikuwa siri.

Basi, Nyani akaitunza siri. Ili asigundulike, hakukanyaga mazoezini hata siku moja. Alikwenda nyuma ya mlima peke yake, akarusha mawe asubuhi, akarusha mawe mchana, akarusha mawe jioni. Mkono ukazidi kuwa mkono.

Tumbili naye akaitunza siri. Alikaa kando ya bwawa akijitazama majini, anajiuliza maswali ya mchezo na kujijibu mwenyewe. Alikubaliana na majibu yote.

Komba ikamshinda. Usiku ule hakufurahia hata kulamba utomvu wake wa mti. Kulipokucha, wakati wenzake wa ukoo wanakwenda kulala, yeye akashuka mtini, akajikokota juani, macho anayafikicha, mpaka nyumbani kwa Bi Ngiri.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Mbona mchana? Kuna msiba?"

"Nimeambiwa nisimwambie mtu."

"Basi usiniambie."

"Lakini ni wewe utakayenipa mpira, mama. Nitaudakaje kama hujui kwamba nipo nyuma yako? Wameniteua mimi. Mimi ndiye mrushaji. Naogopa sana."

Bi Ngiri akamtazama Komba. Akamtazama toka masikio mpaka mkia, na safari yenyewe haikuwa ndefu. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akalia. Alitaka Nyani, jamani! Nani asingemtaka? Akawatazama watoto wake watatu wamelala, akasema, "Wanangu, tumekwisha." Halafu akajifuta machozi, akatoka, akasema, "Njoo mazoezini. Ndiwe tuliye naye."

Siku ya kwanza Komba akarusha mpira, ukaenda chini chini, ukampiga Mbuni kwenye magoti. Mbuni ndiye aliyekuwa mkimbiaji. Mbuni akasema, "Mimi kichwa changu kiko huku juu, bwana mdogo, hujakiona?" Akaondoka amenuna.

Siku ya pili Komba akarusha, ukaenda chini chini, ukampiga Mbuni kwenye magoti. Mbuni akasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Siku ya tatu Komba akarusha, ukaenda chini chini, na Mbuni, bila kusema neno, akainamisha shingo, akaudaka. Bi Ngiri akaguna. Kuanzia siku hiyo Mbuni akawa anakimbia ameinama. Haikupendeza kutazama.

Na Nyati, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji, akagundua kwamba Komba kila mara anahamia kushoto, kwa sababu jua linamchoma macho. Akamuuliza, "Utaacha lini?" Komba akasema, "Sidhani kama nitaacha, kaka." Basi Nyati naye akawa anasimama kushoto. Zikapita hivyo siku saba.

Siku ya mchezo ikafika. Mlimani wote wakashuka, Bondeni wote wakapanda. Bi Ngiri akawaketisha watoto wake kando ya uwanja, akawaambia wasisogee, akaenda katikati. Refa alikuwa Korongo. Akasema, "Bondeni wanaanza. Kila upande mirusho mitatu, halafu zamu inabadilika. Mlimani, mrushaji wenu atokee ili nimjue."

Wakatokea watatu.

Nyani akamtazama Tumbili. Tumbili akamtazama Komba. Komba akatazama chini. Watazamaji wa Mlimani wakafunika nyuso. Hata Kiboko, mpinzani, akaona haya kwa niaba yao.

"Mwenyekiti," Korongo akaita, "ni yupi?"

Fisi akavaa kofia yake vizuri. "Ni siri," akasema.

Bondeni wakaanza. Kiboko hakurusha; akaukumbatia mpira, akasukuma watu mbele. Akasukuma tena. Akasukuma mara ya tatu, Nyati akang'ang'ana naye, na mpira ukasimama hatua moja kabla ya mstari wa Mlimani. Hatua moja! Kila mtu aliona jambo moja: Mlimani wana mirusho mitatu. Ikiharibika yote mitatu, Kiboko anarudi, anapiga hatua moja, na kiangazi kizima watu wanakunywa jioni.

Fisi akatangaza, "Mrusho wa kwanza, Nyani!"

Bi Ngiri akainama, akapitisha mpira. Nyani akaudaka, akauvuta mkono nyuma, akaurusha. Lo! Mpira ulipita juu ya Nyati, ukapita juu ya Kiboko, ukapita juu ya Mbuni, ukapita juu ya mstari wenyewe, ukapita juu ya watazamaji, ukaingia vichakani. Ilichukua muda kuutafuta. Mlimani wakapiga makofi, maana ulikuwa mrusho mzuri mno. Nyani akasema, "Mkimbiaji wenu ni mzito." Hakuwahi kumwona Mbuni akikimbia hata siku moja.

"Mrusho wa pili, Tumbili!"

Bi Ngiri akainama, akapitisha mpira. Tumbili akaudaka, akaanza kutoa maelekezo. "Nyati, kulia! Mbuni, subiri, nikihesabu tatu! Wewe Ngiri..." Nyati alikuwa amekwenda kushoto, kama alivyozoea. Kiboko akapita kulia, wala hakukimbia, akamlalia Tumbili. Walipomtoa chini yake alikuwa mwembamba na bado anaeleza.

Umebaki mmoja.

Fisi akasimama. "Mrusho wa tatu, Nyani tena! Ndiye mwenye mkono. Na huyu Komba atolewe uwanjani, nimesikia ametoboa siri ya kamati. Tutamjadili."

Komba akaanza kuondoka. Nyani akaja, akasimama nyuma, akakunja mkono.

Bi Ngiri akauchukua mpira. Akautazama. Akaugeukia upande walikoketi watoto wake, wamesogea mpaka kwenye mstari ingawa aliwakataza. Halafu akauweka mpira chini, akaukalia.

"Bi Ngiri," Fisi akasema, "inuka."

"Siinuki, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Unakaidi kamati?"

"Naikaidi."

"Nyani ndiye hodari kuliko wote!"

"Ndiye. Nilimlilia siku saba nzima huyo Nyani. Alikuwa wapi siku saba hizo? Mimi nina watoto watatu, mwenyekiti, walikuwa watano, na wewe ulikuja kwenye mazishi na kofia hiyo hiyo. Sijui kama Komba anaweza. Ila najua anarusha chini, najua anahamia kushoto, najua anaogopa. Huyu Nyani simjui lolote ila mkono. Aje Komba. Asipokuja Komba, mpira uko chini yangu hapa, na mimi nina uzito wangu."

Nyati akasema, "Aje Komba."

Mbuni akajipangusa magoti, akasema, "Aje huyo mpiga magoti."

Korongo akasema, "Chagueni, jua linazama." Nyani akakunjua mkono, akatoka. Alitoka vizuri, simsemi vibaya. Komba akarudi, macho anayafikicha.

Bi Ngiri akainama. Akasema kwa sauti ya chini, "Nipo mbele yako, mwanangu," akapitisha mpira.

Komba akaudaka. Akahamia kushoto. Kiboko akaja na nguvu zake zote, akakuta kushoto kumejaa Nyati. Komba akafumba macho, ndiyo, aliyafumba, akarusha.

Ulikuwa mrusho mbaya. Nisiwadanganye, mimi ni mtu mzima. Ulikwenda chini chini, unayumba kama mlevi, na wachezaji wa Bondeni walioruka juu kuudaka waliuona ukipita chini ya miguu yao. Lakini Mbuni alikuwa tayari ameinama. Alikuwa ameinama siku tano. Akaudaka kwa mdomo, usawa wa magoti, akavuka mstari, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame, akaendelea kukimbia mpaka akapotea.

Mlimani wakalipuka! Vigelegele, vumbi, watu wanakumbatiana na wasiopatana nao. Komba akabebwa juu, akaomba ashushwe, akaenda kulala, maana kwake ilikuwa usiku wa manane tangu asubuhi.

Fisi akapanda kwenye kichuguu, akatoa hotuba. "Ndugu wananchi, mmeona faida ya siri. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyelogwa!" Wakapiga makofi. Wakamchagua tena kuwa mwenyekiti, kwa kauli moja.

Bi Ngiri hakusikia hotuba hiyo. Kesho yake, kulipokucha tu, alisimama bwawani, maji yametulia, na watoto wake watatu wameinamisha midomo wanakunywa. Waliposhiba akawaambia, "Kunyweni tena." Wakanywa tena. Akawaambia, "Tena." Wakasema, "Mama, tumejaa." Ndipo naye akainama, akanywa.

Basi nimeufikisha hapa, nautua hapa. Ukikuuma, jikune. Ukikupendeza, nenda nao kwenu.

Mafundisho yake ni haya: timu ikitafuta wa kumkabidhi mpira, isiulize tu nani ana mkono. Iwaulize yule anayeinama mbele yake, na yule anayekimbia mbele yake, kama wanamjua huyo mtu. Mnayemjua ubovu wake mnaweza kucheza naye.

Na mimi mwenyewe, msinione hivi, wiki iliyopita wameniweka kwenye kamati ya timu ya hapa kijijini. Nimeambiwa ni siri, nisimwambie mtu yeyote. Mpoki, hebu lete debe lingine.