Nyegere na Kibuyu cha Mfalme

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni motoni. Hadithi hii nilisimuliwa na bibi yangu Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1954, nami siongezi wala sipunguzi.

Hapo zamani za kale, kabla tarehe hazijaandikwa, Nyegere alivunja mizinga yote ya Mfalme Tembo, akala asali ya sikukuu ya mavuno. Akakimbia, akachimba shimo, akalizungushia miiba. Nyuki walikuwa wamemuuma hata akavimba, na kiangazi kilikuwa kikali. Shimoni hamkuwa na tone la maji.

"Atakufa, Babu?" akauliza Tusekile.

Asipokunywa, atakufa.

Siku ya kwanza akaja ndege Kanga na kibuyu. "Hodi, bwana Nyegere! Mfalme amekuletea maji. Amekusamehe, rudi nyumbani."

"Amenisamehe? Kwa jema gani nililomtendea?"

"Hakuna hata moja."

"Basi ni sumu! Mbona hukuonja?"

Katika nchi ile, watoto, ampaye mwenzake kinywaji sharti aonje kwanza, aondoe uchawi. Kanga alisahau desturi. Nyegere akakipiga kibuyu teke, maji yakamwagika, naye akaongeza miiba.

Siku ya pili akaja Sungura. Akaonja. Nyegere akamkodolea macho. "Wewe, Sungura, nani asiyekujua? Umeyaficha shavuni. Hebu sema jina lako!"

Sungura akacheka, maji yakamtoka puani.

"Umeona? Hukumeza!" Teke! Maji yakamwagika, miiba ikaongezeka.

"Nyegere mjinga," akasema Ambakisye.

Mjinga? Na wewe ulipovunja chungu changu, nikakuita uje kula, ulikuwa wapi?

"Chini ya kitanda."

Kwa nini?

"Nilidhani umeficha fimbo."

Wenzake wakamcheka. Nyamazeni, tuendelee.

Siku ya tatu ardhi ikatetemeka. Nyegere akachungulia: Mfalme mwenyewe! Tembo akapiga magoti mavumbini.

"Ee Mfalme, askari umewaficha wapi?"

"Sikuja na askari."

"Na fimbo?"

"Sina."

"Basi unataka nini kwangu?"

"Nataka unywe."

Mfalme akapenyeza mkonga wake katikati ya miiba. Miiba ikauchana, damu ikachirizika. Akaonja maji mbele ya macho ya Nyegere, akameza, kisha akamwekea kibuyu mdomoni. Nyegere akaitazama damu ile. Akanywa.

Mfalme alipombeba mgongoni hadi nyumbani, wanyama wote wakasema, "Ukubwa wake tuliujua tangu zamani. Utukufu wake tumeuona leo."

Ndivyo alivyo Mungu, wajukuu zangu. Kristo hakutuma kibuyu tu. Alikuja mwenyewe, akapita katika miiba tuliyoizungushia sisi, akaonja mauti kwa ajili yetu. Neema ni kupewa usichostahili. Msiinuse kama sumu, inyweni.

"Babu," akasema Ambakisye, ambaye jioni nzima alikuwa ameketi karibu na mlango, "kile chungu umenisamehe kweli?"

Tangu Jumanne ileile ulipokivunja, saa kumi na dakika tano.

"Na nyuma yako hapo hamna fimbo?"

Nikamwonyesha mikono yote miwili. Akaikagua, upande huu na upande ule. Kisha akaja kuketi ubavuni pangu.

Hadithi yangu imekomea hapo, palipo na joto.