King'ora Kilichonyamaza

Samaki haandiki, huelea. Mliisikia jana gengeni na mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza vizuri.

Kobelo alikuwa afisa mazingira wa kiwanda cha sukari kilichokuwa juu ya kijiji chetu cha Kidulo. Alizaliwa hapahapa. Dada yake, Zamoyoni, alikuwa na bwawa la perege lililopata maji ya mto kwa mfereji. Bwawa hilo ndilo lililomlisha yeye na mama yao mzee.

Palikuwa na desturi. Kiwanda kikitaka kumwaga maji ya kuoshea mitambo, king'ora kilipigwa mara mbili, na watu wa chini wakaziba mifereji yao hadi maji mabaya yapite. Zamoyoni alikiamini king'ora kile kuliko saa ya ukutani.

Asubuhi moja, wakati miwa inasagwa usiku na mchana, ukingo wa shimo la maji machafu ukabomoka. Maji yenye dawa kali yakaingia mtoni. Kobelo akakimbilia king'ora. Meneja akamshika mkono.

"Ukikipiga, umekiri. Wakikiri watu wangu, serikali inafunga mitambo. Unataka kufunga kiwanda msimu huu?"

"Kuna mifereji huko chini, bosi."

"Mto ni mkubwa, utayameza. Andika kwamba ukingo uliharibika, maji yakabaki ndani ya eneo letu. Basi."

Kobelo aliufikiria mfereji wa dada yake. Akaufikiria na mshahara wake. Akaandika, akasaini. King'ora kikakaa kimya. Vibarua wakatumwa kuopoa samaki waliokufa hadi kwenye mpaka wa kiwanda, wakawafukia shambani.

Kesho yake mkaguzi wa serikali akaja. Akatazama mto, akaona maji safi, akanywa chai. Meneja akamwambia Kobelo amsindikize mgeni hadi barabara kuu. Barabara hiyo hupita Kidulo.

Bwawa la Zamoyoni lilikuwa jeupe. Perege wote matumbo juu. Yeye mwenyewe alisimama ndani ya maji hadi magotini, kanga imelowa, na alipomwona Kobelo akishuka kwenye gari la serikali uso ukamng'aa.

"Kaka! Nilijua utakuja. Na mkaguzi umeniletea! Mama, njoo uone, Kobelo kaja na serikali!"

Kobelo akatazama viatu vyake.

"Afisa," mkaguzi akasema, "umeandika kwamba maji hayakutoka kiwandani."

"Hayakutoka. Labda... labda ni ugonjwa wa samaki."

"Ugonjwa gani huo," Zamoyoni akauliza polepole, "unaoua bwawa zima kwa siku moja?" Akamkazia macho kaka yake. "King'ora hakikulia, Kobelo. Nani aliyekinyamazisha?"

Mkaguzi akafunga jalada lake.

"Mama, mimi nakwenda na kilichoandikwa."

"Nenda nacho, mkubwa," Zamoyoni akamwambia. " Samaki haandiki. Huelea."

Mnangoja nini sasa, kwamba kiwanda kilifungwa? Hakikufungwa. Kilipewa cheti cha kutunza mazingira, kikatundikwa getini ndani ya kioo. Lakini tangu siku ile kila aliyepita pale alinong'ona maneno ya Zamoyoni, na hata vibarua waliofukia samaki waliyanong'ona.

Mwaka uliofuata mama yao akafa. Kobelo akaja msibani kwa gari la kiwanda. Wakati wa chakula, Zamoyoni akamwekea kaka yake sahani ya ugali mtupu.

"Kitoweo je, dada?"

"Kitoweo kimo kwenye ripoti yako."

Waombolezaji wote walisikia. Hakuna aliyeinua macho kumtetea. Kobelo akaula ugali ule mkavu, tonge baada ya tonge, maana hata yeye alikwisha kuelewa: samaki haandiki, huelea.